Huyu nguva alitokea jukwaani

Hamjambo ndugu zangu. Leo nimewaletea yule mliyekuwa mkiniomba tangu nihamie Denmark. Huyo hapo nyuma yangu, nguva wa Copenhagen, kakaa juu ya jiwe lake, kainamisha macho. Ni mdogo kuliko mlivyodhani, eti? Upepo mtauvumilia, maana maikrofoni nimeifunga kitambaa, lakini bahari ya huku mwezi wa pili haina huruma.

Watu wanashuka kwenye basi, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nataka mjue alikotoka. Hadithi ya nguva mdogo mnaijua, ya Hans Christian Andersen, ilichapwa mwaka 1837. Ila sanamu hii haikutoka kitabuni moja kwa moja. Mwaka 1909 hadithi ile ilichezwa kama baleti, yaani hadithi inayosimuliwa kwa dansi na muziki, katika ukumbi wa kifalme hapa mjini, na aliyecheza nguva ni binti mmoja aitwaye Ellen Price. Carl Jacobsen, tajiri wa bia ya Carlsberg, alimtazama usiku ule, na hakutulia mpaka alipoagiza sanamu ichongwe. Mchongaji, Edvard Eriksen, akamtaka Ellen Price akae uchi mbele yake. Akakataa. Uso alimpa, mwili hakumpa. Kwa hiyo uso mnaouona ni wa mcheza baleti, na mwili ni wa Eline, mke wa mchongaji. Sanamu ikawekwa hapa 1913. Nampenda sana Ellen Price kwa jibu lile.

Haya, twendeni alikotoka nguva huyu, jukwaani. Kwa miguu ni kama nusu saa, hiyo safari nitaikata.

Tumefika. Uwanja huu unaitwa Kongens Nytorv, na jengo lile lenye nguzo ndilo ukumbi wa kifalme. Hili lenyewe ni la mwaka 1874, lakini ukumbi wa kwanza ulifunguliwa hapahapa uwanjani mwaka 1748, na kundi la baleti linahesabu umri wake tangu siku hizo. Shule yake ya watoto ilianza 1771, na mpaka leo wapo watoto humo ndani wanaonyoosha miguu asubuhi kabla ya kwenda kwenye hesabu na sayansi. Hata Andersen mwenyewe, alipofika mji huu akiwa na miaka 14, maskini, mtoto wa fundi viatu, alijaribu kuingia kwenye baleti hapa.

Sasa, mtu ninayetaka mumjue ni August Bournonville. Alizaliwa Copenhagen 1805, baba Mfaransa, mama Mswidi. Baba naye alikuwa mcheza baleti. Kijana akaenda Paris kusoma kwa Auguste Vestris, akarudi, na kuanzia 1830 akaliongoza kundi hili karibu miaka hamsini, ukiondoa vipindi vichache alivyokwenda Vienna na Stockholm. Wakati huo, huko Paris, mwanamke ndiye alikuwa kila kitu jukwaani, mwanamume kazi yake kumbeba tu. Bournonville alikuwa mchezaji hodari, hakukubali. Katika kazi zake mwanamume na mwanamke wanacheza sawa, wote wanaruka.

Na kuruka kwenyewe! Ningeweza kuwaonyesha, ila barafu hii itanivunja mguu. Mikono inakaa chini, imelegea, kama mtu anayekusalimu. Uso umetulia. Kazi yote iko miguuni, miguu inagongana hewani haraka haraka mpaka jicho linapotea, kisha mtu anatua kama unyoya, husikii kishindo. Kwake yeye mchezaji hapaswi kuonyesha kwamba anataabika. Mara ya kwanza nilipoona La Sylphide, ile aliyoitunga 1836, nilijikuta nimeinamia mbele kwenye kiti nikimkumbuka bibi yangu Tanga.

Bibi alikuwa mcheza lelemama. Alitufundisha uani, sisi wajukuu, na kila aliyetikisa mabega kupita kiasi alipigwa kofi la mgongoni. Ngoma ya mtu mzima haihangaiki, alikuwa akisema, sikiliza kwa magoti. Nimekaa ukumbini Copenhagen, namsikia bibi.

Bournonville alipata kuadhibiwa na mfalme, hii lazima niwaambie. Mwaka 1841 alikuwa jukwaani, sehemu ya watazamaji wakamzomea, na mfalme Christian wa Nane amekaa palepale. Bournonville akamgeukia mfalme, akamwuliza kama aendelee. Kusema na mfalme kutoka jukwaani! Likawa kosa kubwa, akaondolewa kazini miezi sita. Akaenda zake Italia. Na huko Naples akaona wavuvi, akaona soko, akaona watu wakicheza barabarani, akarudi na baleti inayoitwa Napoli, ya mwaka 1842. Watu wa pwani, hii ni yenu. Kijana mvuvi anaingia baharini kwa mashua na mchumba wake, dhoruba inapiga, msichana anachukuliwa na jini la bahari na kugeuzwa kiumbe cha majini mpaka anamsahau mpenzi wake. Mtu wa Tanga au Lamu hahitaji kufafanuliwa hapo. Zamani watazamaji wa hapa sehemu ya pili, ile ya pangoni, walikuwa wakiikimbia, wanakwenda kunywa jirani kwa Brønnum, wanarudi ya tatu, ya harusi. Mimi hiyo ya pangoni siiachi. Ila ya tatu ni kweli inatikisa: tarantella, ngoma ya kasi ya Waitalia, haiishi, na juu ya daraja watoto wa shule ya baleti wamejipanga wanapunga bendera wakiwatazama wakubwa wao. Miongoni mwa watoto hao ndimo watakamotoka wavuvi wa miaka ishirini ijayo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Bournonville aliandika maelezo mengi, lakini hatua kwa hatua zimefika kwetu kwa miili ya watu. Tarehe 28 Novemba 1879 alimtazama kijana Hans Beck akicheza kwa mara ya kwanza rasmi. Siku mbili baadaye Bournonville akafariki. Beck huyohuyo baadaye akawa kiongozi wa kundi, na chini yake mazoezi ya mzee yakapangwa kwa siku: ya Jumatatu, ya Jumanne, mpaka Jumamosi. Kila Jumatatu hatua zilezile, muziki uleule, miaka nenda rudi. Tena wachezaji wakizeeka hawafukuzwi jukwaani. Anayemcheza Madge, mwanamke mchawi wa La Sylphide, mara nyingi ni mtu aliyecheza nafasi za ujana miaka mingi nyuma. Anamwona kijana akikosea, anajua alikosea wapi.

Kuna jambo linaniuma, na siwezi kulipita. Baleti kongwe kuliko zote zinazochezwa bado kwa hatua zake za asili ni ya hapa, aliitunga Vincenzo Galeotti mwaka 1786. Mungu wa mapenzi, mwenye umbo la mtoto, anachezea jozi za wapendanao wa mataifa mbalimbali, anawafunga macho na kuwachanganya. Inachekesha, ni fupi, ni nzuri. Lakini mle kuna jozi ya watu weusi, na desturi ilikuwa Wazungu wajipake rangi nyeusi usoni. Mwaka ule ule meli za Denmark zilikuwa zikibeba watu kutoka Ghana ya leo kuwapeleka utumwani Karibiani. Nakubali kabisa hatua zitunzwe miaka mia nyingine. Rangi ile isitunzwe. Bibi naye alizifuta baadhi ya nyimbo za zamani zilizowatukana watu, na lelemama haikufa.

Ndani, juu ya jukwaa, yameandikwa maneno ya Kidenmaki, Ei blot til Lyst, si kwa kujifurahisha tu. Hapo ndipo macho yangu hutua kwanza kila nikikaa.

Wenye mabibi waliocheza lelemama, msewe au ngoma yoyote, niandikieni: alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani? Nataka majina mpaka mwisho mnapokumbuka. Kengele ya kwanza imelia, na kurekodi ndani hairuhusiwi. Naizima simu.