Usiulize Pedi Tu, Uliza na Mafuta ya Breki

Hamjambo, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika.

Gari likipelekwa gereji, swali ambalo fundi huulizwa kuhusu breki ni moja: pedi zimebaki kiasi gani? Ni swali la maana, na nitalifikia. Lakini naomba kwanza tukae kwenye kitu ambacho karibu hakuna anayekiuliza, nacho ni mafuta ya breki.

Unapokanyaga pedali, unasukuma mafuta yatoke kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali, yapite kwenye mabomba hadi magurudumuni, yakaisukume pistoni, nayo ibane pedi kwenye diski. Nguvu ya mguu inafika kwa sababu mafuta hayo hayakubali kubanwa. Shida ni kwamba mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yamo kwenye magari mengi, hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hupenya hata kwenye mipira ya breki. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya takriban asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155.

Sasa fikirieni mteremko mrefu, gari limejaa, na dereva hatoi mguu kwenye breki. Breki husimamisha gari kwa kuugeuza mwendo kuwa joto, na gari la kilomita 100 kwa saa lina nishati mara 4 ya lile lile likienda 50. Joto lile linapanda hadi kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa. Pedali inazama hadi chini na gari linaendelea kwenda.

Kinachoniuma ni kwamba asubuhi ya siku hiyo, breki zikiwa baridi, pedali ilikuwa imara kabisa. Dereva hakuonywa na chochote. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari limeshinda limeegeshwa. Na mteremkoni shusha gia mapema, injini isaidie kulizuia gari. Magari ya otomatiki nayo yana gia za chini, zitumieni.

Jambo jingine: mafuta yakipungua kwenye kopo lake, usikimbilie kuongeza. Pedi zinavyolika, pistoni hutoka zaidi, na mafuta hushuka kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake. Kwa hiyo yakishuka taratibu, kagua pedi. Yakishuka ghafla, kuna mahali yanavuja, na gari hilo lisiondoke hapo kabla halijatazamwa. Na kamwe usimimine oili ya injini humo, hata tone; inavimbisha na kuharibu mipira ya mfumo mzima.

Haya, pedi. Mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Zikifika 3, badilisha, na badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli moja. Pedi nyingi zina kibati kinachogusa diski zinapokaribia kuisha, na mlio mkali unaousikia unatoka hapo. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma umechelewa, maana diski nayo inaliwa. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa diski huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, mwambie fundi aupime badala ya kukisia.

Mengine mguu utakuambia. Pedali ikiwa laini, na ukipampu inapanda, mara nyingi mfumo umeingia upepo. Ukiikanyaga gari likiwa limesimama nayo ikaendelea kuzama polepole, masta silinda imechoka au kuna uvujaji. Ikitetemeka unapofunga breki, unene wa diski hauko sawa. Gari likivuta upande mmoja, huenda kalipa, yaani kifaa kinachoshika pistoni na pedi, imekwama.

Na ikitokea pedali imezama njiani? Pampu haraka mfululizo, shusha gia moja moja, washa taa za hatari, kisha vuta handibreki kidogo kidogo. Ukiivuta kwa mkupuo, magurudumu ya nyuma yatafunga na gari litaserereka.

Karibuni kwa maswali.