Jinsi ya Kuzuia Magonjwa ya Kuambukiza Yasienee Miongoni mwa Nyoka Unaowafuga

Karibu, mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kumpokea nyoka mgeni na namna ya kuipanga kazi ya kila siku ili ugonjwa wa mmoja usiwafikie wenzake. Tatizo ni kwamba nyoka mwenye maambukizi anaweza kula, kujivua gamba na kunenepa kwa miezi mingi huku akiwa amebeba virusi vinavyoweza kuwamaliza wote ulio nao, kwa hiyo usiyategemee macho peke yake, wala neno la muuzaji.

Hatua ya kwanza ni kumtenga mgeni katika chumba chake, wala si katika pembe ya chumba walimo wengine. Muda wa siku 90 ndio kima cha chini, na kwa chatu na boa ninashauri miezi 6. Sababu ni ugonjwa unaojulikana kwa kifupi cha IBD (Inclusion Body Disease), unaoletwa na virusi viitwavyo reptarenavirusi: boa anaweza kuvibeba virusi hivyo kwa muda mrefu bila dalili yoyote, ilhali chatu kwa kawaida hudhoofika haraka, akaanza kutetemeka kichwa na kushindwa kujipindua anapolazwa chali.

Kizimba cha karantini kiwe kitupu iwezekanavyo. Tandika karatasi nyeupe, weka bakuli la maji na boksi la kujifichia ambalo hutaona uchungu kulitupa, mapambo yasubiri. Juu ya karatasi nyeupe utaona upesi kinyesi kisicho cha kawaida, chakula kilichotapikwa na, zaidi ya yote, utitiri. Sasa nasogeza kamera karibu. Tazama ukingo wa jicho, kisha mfereji ulio chini ya kidevu: vitone hivi vyeusi vinavyofanana na pilipili manga iliyosagwa vinatembea. Tazama pia chini ya bakuli, kwa kuwa nyoka anayesumbuliwa na utitiri hupenda kujilaza majini, na baadhi ya utitiri huo huzama humo. Utitiri hunyonya damu, na unashukiwa kuvihamisha virusi vya IBD kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Mayai yake hutagwa katika nyufa na kona zenye unyevu, si mwilini mwa nyoka, ndiyo maana kumtibu nyoka bila kukisafisha kizimba ni kazi bure. Usimpulizie dawa ya wadudu ya nyumbani. Muulize daktari wa mifugo anayewafahamu reptilia.

Daktari huyohuyo ndiye atakayechukua sampuli. Kwa serpentovirusi, ambavyo huharibu njia ya hewa hasa kwa chatu, hupitisha kijiti cha pamba mdomoni. Kwa IBD huchukua damu. Kwa vimelea vya kriptosporidia hupima kinyesi au maji yaliyosuuziwa tumbo. Kipimo kimoja kikionyesha hakuna kitu, omba kirudiwe kabla karantini haijaisha, kwa sababu vimelea havitoki kila siku.

Sasa tufike kwenye mpangilio wa kazi, na hapa ndipo wafugaji wengi makini huteleza, kwa kuwa msafirishaji mkuu wa ugonjwa ni mikono ya mfugaji mwenyewe. Anza na nyoka wenye afya uliokaa nao muda mrefu, fuatia walio karantini, na mwisho kabisa mgonjwa. Ukishamgusa mgonjwa usirudi kwa wazima mpaka umeoga na kubadili nguo. Osha mikono kwa sabuni kati ya kizimba na kizimba hata kama ulivaa glovu. Karantini iwe na koleo lake, fimbo yake ya ndoano na mabakuli yake. Na panya aliyekataliwa na nyoka mmoja asipewe mwingine. Najua inauma kutupa chakula, lakini panya huyo ameshaguswa na mate.

Katika kusafisha, ondoa kwanza uchafu wote kwa maji na sabuni, kwa sababu klorini hupoteza nguvu inapokutana na kinyesi. Kisha changanya sehemu moja ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, acha dawa ikae dakika 10, suuza, na ukaushe kabisa kabla ya kumrudisha nyoka. Kriptosporidia haifi kwa klorini. Ukimwona nyoka mwenye dalili zake, yaani anayetapika chakula mara kwa mara na aliyevimba katikati ya mwili, vyombo vyake visafishwe kwa mvuke wa moto, na vitu vya mbao vitupwe. Amonia nayo hutumika, lakini usiichanganye kamwe na klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu. Vyombo hivi visioshwe kwenye sinki la jikoni: nyoka hubeba salmonela, ambayo humdhuru binadamu pia.

Nyoka akifa ghafla, usimzike. Mfunge katika mfuko usiovuja, mweke kwenye ubaridi wa friji, mbali na chakula, wala si kwenye friza, kwa kuwa barafu huharibu tishu, kisha mpeleke upesi kwa daktari ampasue na kumchunguza. Mpaka majibu yatoke, nyoka yeyote asiingie wala asitoke nyumbani kwako.