Kukariri Funguzi za Sataranji: Je, Anayecheza kwa Kujifurahisha Anafaidika?

Ndugu zangu, habari za jioni. Swali nililoletewa ni hili: mtu anayecheza sataranji kwa kujifurahisha tu, ana haja ya kukariri funguzi, yaani mipangilio ya hatua za kwanza za mchezo? Mimi nasema hana. Tazameni ubao huu.

Mweupe amesukuma askari wa mfalme hadi e4 (herufi hutaja safu ya ubao, namba hutaja mstari), mweusi kajibu e5. Sasa mweupe anamtoa malkia mpaka h5. Mweusi amekariri kwamba malkia akija h5, anafukuzwa kwa askari wa g6. Anasukuma. Malkia anamla askari wa e5, anamtishia mfalme, na papo hapo ameielekea ngome ya h8. Mfalme lazima aokolewe kwanza, kwa hiyo ngome imekwenda. Tumecheza hatua tatu tu! Na alichokariri hakikuwa uongo. Ile g6 ni hatua nzuri, ila farasi angetangulia c6 kumlinda yule askari wa e5. Alishika hatua, hakushika sababu. Huniuma sana kuona vijana wakikesha na orodha ndefu za hatua za namna hii.

Mweupe ana hatua 20 za kuanzia, mweusi 20 za kujibu. Hizo tayari ni hali 400. Mpinzani wako hajasoma ulichosoma. Ikifika hatua ya nne au ya tano ameshaiacha njia, nawe unabaki na akili yako.

Hata kwa mabingwa ni hivyo. New York, mwaka 1918, Mmarekani Frank Marshall alimshambulia Mkuba José Raúl Capablanca kwa mpango aliouandaa, akitoa askari kafara katika ufunguzi wa Kihispania. Capablanca alimla askari, akajilinda kwa kufikiri palepale ubaoni, akashinda.

Sisemi msijifunze kitu. Chukueni ufunguzi mmoja, tuseme wa Kiitalia: askari e4, farasi f3, askofu c4. Askari anashika katikati, farasi anamtisha askari wa e5, askofu anakodolea f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Muda unaobaki fanyeni mafumbo ya sataranji, maana michezo yetu mingi tunaipoteza kwa kete tulizoziacha bila mlinzi.

Haya, nani aje mbele ashike nyeusi? Malkia wangu atatoka h5.