Njia ya Miguu Nayo Ichorwe
(Mhadhara kabla ya matembezi, Lushoto)

Mwenyekiti ameniomba niwaeleze tutakapopita leo. Tunatoka hapa mjini, tunapanda Yoghoi, tunakatiza mashamba ya Irente hadi jabalini. Ya jabali mtajionea: Mazinde iko chini yenu karibu mita 1,000, na nyika ya Umasai haina mwisho. Mimi nina habari ya njia yenyewe. Nasema njia ya miguu nayo ichorwe kwenye ramani ya kijiji. Najua, mmeshanisikia nikilisema hili. Mtanisikia tena.

Siku hizi vijiji vinapimwa na watu wanapata hati za hakimiliki ya kimila. Jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini mpimaji anachukua pembe za shamba tu. Njia inayokatiza katikati haina pembe, kwa hiyo haichorwi. Hati ikitoka, njia imekufa.

Kuna kijiji, sitakitaja, njia ilipita kwenye migomba hadi chemchemi, kisha shuleni. Kijana mmoja akarithi shamba, akapata hati, akapanda masale kuifunga. Wazee wakamfuata. Akawatolea karatasi: "Nionyesheni, hiyo njia iko wapi hapa?" Wakaenda kwa mtendaji. Naye akaigeuza karatasi juu chini, akasema kweli, haipo. Bibi mmoja, ndoo kichwani, akamwambia kijana: "Mwanangu, mama yako alipokuwa na uchungu wako, tulimpitisha hapa kwa machela." Kijana akacheka. Watoto wa shule wakaanza kuzungukia barabara ya magari, kona baada ya kona, na wakati wa masika wanafika wamelowa hadi madaftari.

Sasa mnangoja niseme kijana akapata cha mtema kuni, kabichi zikamuozea shambani? Wapi! Shamba lake limepakana na barabara, Fuso inapakia mlangoni. Anauza vizuri tu. Ndiyo maana nasema ichorwe, maana aibu peke yake haijafungua njia hata moja.

Mtaniambia wapita njia wanaiba parachichi. Mwizi wa parachichi anakuja usiku, na hapiti njiani. Mtaniambia bodaboda zipo. Muulize dereva wake bei siku ya mvua, tena ukiwa na gunia la viazi. Hoja ninayoiheshimu ni ya mmomonyoko: njia iliyonyooka kuteremka mlima hugeuka korongo baada ya misimu michache. Kweli kabisa. Lakini dawa yake wakulima wa huku wanayo. Si mnaona miraba, ile mistari ya majani ya gwatemala? Pitisha njia kando ya miraba, iende kwa kupinda, weka mawe ya kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata mbio. Kazi ya msaragambo, kijiji kizima kwa pamoja, ya asubuhi moja, si mradi wa wafadhili!

Na msidhani naota. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inazitambua haki za njia. Uingereza walitunga sheria mwaka 1949, halmashauri zikaagizwa kuchora ramani za njia za miguu. Leo England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma. Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shamba lake, lazima airudishe. Wakulima wa kule wananung'unika kama wa hapa, ila wakibishana, ramani ipo mezani.

Nilitaka kuwaeleza na msitu wa Magamba, miti ya mikulo, nyani aina ya mbega, na njia za kina mama waokota kuni, ambazo zina ugomvi wa aina yake. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hayo mwulizeni kijana anayetuongoza, anayajua kuliko mimi.

Moja tu. Kijiji chenu kikiitisha mkutano mkuu wa mpango wa matumizi ya ardhi, nendeni. Msikae nyuma mkingoja soda. Kabla ya kupiga kura, ulizeni njia ya chemchemi, ya shule na ya makaburini ziko wapi kwenye mchoro huo, na zina upana gani. Wakisema zitaongezwa baadaye, msinyooshe mkono.

Haya, vaeni viatu. Ada ya Irente imeshalipwa, msinidai mimi.