Mwezi wa Angani na Miezi ya Ramani

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na watu wa mwaloni. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, vijana, habari za jioni.

Naona wavuvi ni wengi humu ndani, na sababu naijua. Sikuwavuta mimi, ni mbalamwezi. Mvuvi wa dagaa wa ziwa hili anaishi kwa giza. Anawasha taa, zamani karabai, siku hizi za sola na betri; vijidudu vya majini vinaufuata mwanga, dagaa wanavifuata vijidudu, migebuka wanawafuata dagaa, kisha wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga na taa yako haimvuti yeyote. Kibirizi na Katonga watu wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanahesabu deni la mafuta. Serikali ilipolifunga ziwa mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ilihitaji vikao na matangazo. Mwezi hautangazi.

Huo ndio mwezi ninaoukubali bila ubishi, wa angani. Leo nazungumzia mingine, ile ya ardhini, iliyochukua jina lake. Kuna Milima ya Mwezi. Kuna Unyamwezi. Kuna wafalme wa Burundi walioitwa Mwezi, hapo tu ng'ambo ya Manyovu. Hoja yangu ni moja: vitu viwili vikiitwa jina moja, akili ya binadamu hukimbilia kuviozesha, hata kama havijawahi kuonana. Miezi hii iliozeshwa kwa karne nyingi, na wageni wa harusi walipita hapa Ujiji.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 2, huko Aleksandria nchini Misri, Ptolemy, msomi wa Kigiriki, aliandika kitabu cha Jiografia. Humo mnasemwa kwamba kusini kabisa kuna Milima ya Mwezi, theluji yake inayeyuka, maji yanajaza maziwa, na maziwa yanazaa Mto Nile. Wanajiografia wa Kiarabu waliichukua habari hiyo wakaiita Jabal al-Qamar, na al-Idrisi akaichora katika ramani yake ya mwaka 1154. Hapo ukazuka ubishi ambao waliosoma madrasa wataufurahia: qaf, mim, ra, bila irabu, unaweza kusoma qamar, mwezi, au qumr. Na al-Qumr ndilo jina walilolitumia kwa visiwa vya upande wa Bukini, yaani Madagaska, ndiko Komoro ilikolipata jina lake. Herufi tatu hizohizo zinakupeleka kwenye milima ya theluji au kwenye minazi ya baharini. Hilo tu lingetosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Waliofuata hawakuwa.

Sasa njooni Tabora. Watu wa pwani waliwaita wenyeji wa bara la magharibi Wanyamwezi. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi jua likizama, basi watu wa huko wakawa watu wa mwezini. Wenyewe walijiita kwa nchi zao: Wanyanyembe, Wagalaganza na wengineo. Ni jina walilopewa na wapagazi na wafanyabiashara wa msafara, jina la kuonyesha uelekeo. Halina mlima ndani yake, wala theluji, na aliyewahi kukaa Tabora mwezi wa Oktoba atanielewa.

Lakini Mzungu aliyemsoma Ptolemy akisikia "nchi ya mwezi" ipo bara, anaruka. Wamisionari wawili wa Rabai, karibu na Mombasa, Erhardt na Rebmann, walikusanya habari za wasafiri, na mwaka 1856 ramani yao ikachapishwa Ulaya. Nyasa, Tanganyika na Nyanza, yaani Viktoria, waliviunganisha vikawa ziwa moja kubwa ajabu katikati ya bara, wakaliita Bahari ya Uniamesi. Nchi ya wakulima na wapagazi ikageuka bahari! Umbo lake liliwachekesha watu wakaiita ramani ya koa. Hata hivyo ilikuwa miongoni mwa sababu za wapelelezi wawili Waingereza, Burton na Speke, kutumwa huku.

Hao walifika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba maziwa hayo ni mbalimbali, si moja. Tazameni: aliyekaa hapa akasafiri hapa alilijua jambo ambalo maktaba za London zilikuwa hazilijui. Februari 1858 wakafika Ujiji. Na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu kilichofuata ni cha ziwa letu.

Swali lao kubwa lilikuwa Mto Rusizi, kaskazini. Ukitoka ziwani kwenda kaskazini, basi Tanganyika ndiyo mama wa Nile na Ptolemy ameshinda. Ukiingia ziwani, hadithi imekwisha. Wakapanda mitumbwi hadi Uvira. Huko vijana watatu, watoto wa mtawala Maruta, wakawajia. Wakaulizwa. Wakajibu, na wote waliokuwepo wakajibu hivyohivyo: unaingia. Burton alivunjika moyo. Hawakufika mdomoni mwa mto wajionee, wakarudi.

Sasa Speke naye akachora ramani yake. Kaskazini ya ziwa letu, mahali ambapo hakukanyaga, akaweka safu ya milima iliyopinda kama kiatu cha farasi na kuiandika Milima ya Mwezi. Kweli kuna milima huko, kila mvuvi aliyefika Uvira ameiona, ziwa lote limebanwa na milima kushoto na kulia. Lakini jina lile hakulipewa na mwenyeji wa pale. Alikuwa nalo tangu kwao, na alikuwa ametoka Unyamwezi, basi mlima ukapatikana. Burton hakulikubali jambo hilo, na si hilo tu lililowagombanisha.

Miaka 13 ikapita. Novemba 1871 Stanley akamkuta Livingstone Ujiji. Hiyo mnaijua, watoto wa shule wanapelekwa pale kila mwaka. Kisichosimuliwa sana chini ya ile miembe ni kwamba mwezi uleule wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda hadi Rusizi, wakajionea. Mto unaingia. Vijana wa Maruta walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Mwaka 1892 Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, akaingia Burundi. Wafalme wa Burundi walikuwa na majina yanayopokezana: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha unarudi Ntare. Baumann aliandika kwamba watu walimlaki kwa ngoma na nyimbo, wakimwita Mwezi, wakiamini kwamba mfalme wa zamani amerejea. Yeye alidhani ukoo huo umekwisha. Kumbe Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alikuwa hai, anatawala. Ndiye huyo ambaye Wajerumani walimlazimisha kukubali mkataba pale Kiganda mwaka 1903, akafa mwaka 1908. Baumann akaonyeshwa milima iliyoitwa misozi ya Mwezi, akatangaza kwamba Ptolemy amethibitika. Mnaona alipokwama? Yule Mwezi ni mtu. Milima ikiitwa kwa jina la Mwami, inataja utawala wake, haitaji theluji ya Mgiriki wa Misri.

Na ajabu ni kwamba katika eneo lile kweli kuna chemchemi ya Nile. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alifuata vijito hadi Rutovu, kusini mwa Burundi, na pale kuna piramidi ndogo ya mawe. Ukianzia hapo maji yanashuka Ruvyironza, Ruvubu, Kagera, mpaka Nyanza. Kwa hiyo Baumann alikuwa jirani na ukweli, kwa sababu isiyo ya kweli. Watu wa namna hiyo ndio wagumu kuwasahihisha.

Rwenzori je? Stanley aliiona theluji yake mwaka 1888, kilele chake kina mita 5,109, na maji yake yanashuka Semliki hadi Ziwa Albert na kuingia Nile. Ina theluji, ina maji ya Nile, ndiyo inayopewa sifa ya Ptolemy siku hizi. Ila wenyeji hawakuiita ya mwezi. Mlima uliokosa jina ndio uliopewa taji.

Mwalimu wa jiografia ana kipimo chake, nacho ni kuuliza maji yanakwenda wapi. Tufanye hivyo kwa Tabora. Mvua ikinyesha pale, inashuka Mto Igombe, inaingia Malagarasi, inapita Uvinza na kumwagikia ziwani kwetu, kusini ya Ujiji. Kutoka ziwani, maji hutoka kwa Mto Lukuga, mlango alioufikia mpelelezi Mwingereza Cameron mwaka 1874, yakaingia Mto Kongo na kuishia Atlantiki. Ile nchi ya mwezi ya Tabora haiupi Nile hata kikombe. Vijana, chukueni ramani, wekeni kidole Tabora, mfuate mstari wa buluu. Dakika mbili zinatosha.

Na kwa kuwa nimetaja Igombe: wageni wengi husoma "Mto Gombe" kwenye ramani za Tabora wakadhani ni kwa sokwe. Gombe ya sokwe ni hapa kwetu, kaskazini ya mji, alikofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960. Kuna Gombe nyingine ni jimbo la Nigeria, na nyingine ni mtaa wa wakubwa mjini Kinshasa. Msiziozeshe.

Nimeletewa kikaratasi: "Mwalimu, kwani Mwami Mwezi hakuitwa kwa mwezi wa angani?" Neno ni hilohilo, ndiyo. Lakini Ntare maana yake ni simba, na hakuna mpelelezi aliyekwenda kutafuta chanzo cha Nile porini kwa simba. Shida haikuwa jina la Mwami. Shida ni kwamba kulikuwa na watu waliokuja na kitabu kimeshafunguliwa kwenye ukurasa wa mwezi.

Haya, mzee wa nyuma pale ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mzee wangu, sema.