Kula Krabi: asubuhi sufuria, jioni mizani

Z: Karibuni tena. Leo tupo Ao Nang, mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand upande wa bahari ya Andaman. Mimi nitashika jikoni, kaka H atashika bili.

H: Na bili ina mambo yake, dada. Ila tuanze na saa, maana mgeni wa Ao Nang akiamka saa 4 asubuhi, nusu ya chakula cha kusini kimeshampita. Barabara ya ufukweni inachangamka jioni, na inampikia mgeni: pad thai ya tambi za kukaanga, supu kali na chachu ya tom yam, wali wa kukaanga, piza. Pad thai na tom yam ni vya Thailand ya kati. Som tam, ile ya papai bichi la kutwanga, ni ya Isan, kaskazini mashariki. Vitamu vyote, lakini Krabi bado hujaila.

Z: Krabi inaliwa asubuhi. Tafuta khao kaeng, wali na michuzi. Ni mama ntilie kabisa: sufuria na sinia zimepangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Wengi wanafungua saa 12 au saa 1 asubuhi, na ikifika saa 7 mchana vizuri vyote vimekwisha. Wali na michuzi miwili ni takriban baht, yaani fedha ya Thailand, 50 hadi 70.

H: Wageni wanalalamika kwamba mchuzi ni vuguvugu.

Z: Ndivyo ulivyo. Umepikwa alfajiri mara moja, haupashwi tena. Cha moto ni wali. Kwa hiyo piga hesabu. Saa 2 asubuhi mchuzi una saa mbili au tatu tangu uipuliwe. Saa 8 mchana una saa nane au tisa, kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Mchuzi wa nazi ndio unaoharibika upesi. Ukichelewa, waachie michuzi ya tui, chukua samaki wa kukaanga au khua kling.

H: Khua kling waeleze.

Z: Nyama ya kusaga inayokaangwa kavu na viungo vya kutwanga: manjano mabichi, mchaichai, khulinjani, pilipili kavu, vitunguu saumu. Mafuta hayatiwi au ni kidogo mno, tui hakuna. Juu inamwagiwa majani ya ndimu yaliyokatwa nyembamba sana. Inaonekana ya upole kwa sababu haina mchuzi, kumbe pilipili yote imekaukia humo humo kwenye nyama. Kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya wali, usizidishe.

H: Halafu kuna mtego wa rangi ya njano. Mtu ameshakula kaeng kari mjini kwao, ile ya njano yenye tui na viazi, laini. Anafika kusini anaona mchuzi wa njano, anajaza bakuli.

Z: Na hiyo ni kaeng som. Bangkok wanaiita kaeng lueang. Haina tui hata tone. Ni maji, samaki, ukali na uchachu, na njano yake ni manjano. Kwa nusu kilo ya samaki, twanga pilipili kavu 10, pilipili mbichi ndogo 10, manjano mabichi kipande cha urefu wa kidole, vitunguu vidogo vyekundu 4, punje 6 za saumu, chumvi kijiko cha chai. Mwisho kabisa ongeza kijiko cha kapi, yaani uduvi wa chumvi uliochachushwa ukatwangwa. Koroga kwenye maji lita moja yanayochemka. Weka ukwaju na machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, au kitovu laini cha mnazi.

H: Samaki?

Z: Samaki anaingia maji yakiwa yanatokota kwelikweli, na ukishamtia usiguse mwiko mpaka yatokote tena. Ukikoroga mapema nyama inavunjika na shombo inaenea sufuria nzima. Ndimu, kama unaitumia, kamulia moto ukiwa umezimwa. Ukiichemsha harufu inapotea na uchungu unabaki.

H: Sasa mtu anasema, mimi sili pilipili, nitaagiza bila pilipili. Anajua maneno: mai phet.

Z: Kwa kitu kinachopikwa papo hapo, sawa, watamwelewa. Mboga za kukaanga, wali, tambi, pilipili inaingia kwenye karai mbele yake, inaweza kuachwa. Mchuzi uliokwisha pikwa asubuhi hauna mlango wa kurudi. Pilipili ilitwangwa pamoja na viungo. Hapo dawa ni kuchagua sahani nyingine, si kuomba. Bai liang kwa mayai, kwa mfano: majani ya kijani ya kusini yanayokaangwa na yai na saumu, hayana pilipili kabisa, na ndiyo sahani ninayoipenda kuliko zote pale.

H: Na ukiungua, maji hayasaidii. Kiwashacho kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, unakisambaza tu mdomoni. Wali mkavu, au chai ya baridi yenye maziwa mazito ya kopo.

Z: Au sinia la mboga mbichi. Kusini linawekwa mezani bure: tango, kunde mbichi, kabichi, majani machanga ya mkorosho. Wenyeji wanatafuna kati ya tonge na tonge. Mgeni anadhani ni pambo, analiacha, halafu anatokwa jasho. Kwenye meza za khanom jin ndiyo utaliona limejaa zaidi.

H: Khanom jin, tambi nyembamba za mchele?

Z: Laini, nyeupe, zinaliwa zikiwa za baridi. Juu yake nam ya, mchuzi wa samaki aliyesagwa na tui. Unaongeza yai la kuchemsha, machipukizi ya choroko, dagaa wa kukaanga. Mchuzi mweusi mweusi wenye harufu ya kupasua pua ni tai pla, matumbo ya samaki yaliyochachushwa. Omba kijiko kimoja pembeni kwanza. Huo si wa kuanzia safari.

H: Tuingie kwenye halali, maana wasikilizaji wetu wengi wanauliza. Sehemu kubwa ya wenyeji wa Ao Nang ni Waislamu, kwa hiyo si shida kama Bangkok. Kiwandani na kwenye mikahawa mikubwa kuna alama ya umbo la almasi yenye maandishi ya Kiarabu, ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Vibanda vidogo vingi havina cheti. Tazama mpishi amevaa hijabu, kuna mwezi na nyota, kuna Bismillahi ukutani. Tahadhari yangu ni hii: mkahawa kutokuwa na nguruwe kwenye sahani yako hakumaanishi karai ni safi. Mai sai mu inamaanisha nguruwe hatiwi. Mafuta na mwiko hujavigusia.

Z: Na mwenye mzio wa kamba asiseme tu hataki kamba. Kapi imo karibu katika kila viungo vya kutwanga vya michuzi, haionekani. Mwenye mzio wa karanga aikwepe massaman, mchuzi unaotiwa karanga.

H: Ambayo Waswahili wataipenda.

Z: Wataipenda kwa sababu imejaa mdalasini, iliki, karafuu, kungumanga, na tui zito na viazi. Khao mok gai nayo ni biriani ya kuku, mzizi mmoja na ya kwetu, imepitia Bahari ya Hindi upande wa pili. Wali wa manjano, vitunguu vya kukaanga juu, na kibakuli cha mchuzi wa kijani wa nanaa, pilipili mbichi, siki na sukari. Mimina huo mchuzi juu ya kuku, usimimine kwenye wali wote, utalowana. Na roti, ndugu yake chapati: asubuhi iagize na kibakuli cha mchuzi, usiku ndiyo ya ndizi, yai na maziwa ya kopo. Hiyo ya usiku uile hapo hapo. Dakika tano kwenye mfuko, mvuke umeshaifanya mpira.

H: Jioni, mtu atoke Ao Nang. Songthaew, pikapu yenye viti viwili virefu nyuma, inakwenda Krabi mjini, kilomita 20 hivi, nauli takriban baht 60. Kando ya gati ya Chao Fa kuna vibanda vya chakula kila jioni, vingi vya Waislamu. Ijumaa mpaka Jumapili kuna soko la usiku la mwisho wa wiki, upande wa barabara ya Maharaj. Uliza gari la mwisho kurudi kabla hujakaa kula, la sivyo utakodi gari zima.

Z: Na mizani sasa. Hapo ndipo watu wanalia.

H: Samaki wa kwenye barafu, bei ya ubaoni mara nyingi ni ya khit moja, na khit ni gramu 100, si kilo. Ukiona chewa 120, kilo ni baht 1,200. Samaki wa gramu 800 ni baht 960. Na chini ya menyu tafuta alama mbili za kujumlisha: huduma asilimia 10, halafu kodi asilimia 7 juu ya jumla hiyo. Ile 960 inakuwa 1,056, kisha karibu 1,130. Kwa hiyo mizani isome sifuri na kikapu kitupu kikiwa juu yake, samaki adondoke maji kwanza, andikiwa jumla, uliza kama kupika kumo. Kaa wanaofungwa uzi wa majani mnene uliolowa, omba uzi utolewe. Usione haya, wenyeji wanafanya hivyo hivyo.

Z: Namna ya kupika nayo ichague wewe. Samaki mbichi kweli, mwombe wa mvuke kwa ndimu na saumu. Aliyelala siku mbili atajulikana mara moja. Wa kuchomwa kwa chumvi anapakwa chumvi juu ya magamba yake, tumboni mchaichai. Ile ngozi ni ya kuchubua na kutupa, watu wanaitafuna wanasema chumvi imezidi. Krabi pia wana konokono wa baharini, hoi chak tin, wa kuchemsha. Shika ile kucha yake ngumu, vuta polepole huku unazungusha, chovya kwenye pilipili ya kijani na ndimu.

H: Vitu vya kuacha?

Z: Kombe zilizochovywa maji moto sekunde chache, ndani bado zina damu. Chakula hicho kina mashabiki wake, na hatari ya homa ya ini A na kuhara iko wazi. Barafu ya mviringo yenye tundu katikati ni ya kiwandani, kunywa. Maji ya bomba hapana.

H: Na miezi. Mei mpaka Oktoba bahari upande ule huchafuka, boti ndogo zinatoka kwa shida, mikahawa kadhaa ya ufukweni inafunga. Lakini Juni hadi Agosti ni msimu wa matunda kusini: mangostini, shokishoki, duriani.

Z: Duriani anauzwa kwa kilo pamoja na ganda, na nyama ni kama theluthi ya uzito. Nunua iliyokwisha menywa, imo kwenye trei.

H: Na uile hapo hapo sokoni. Hoteli nyingi zinatoza faini ukiingia nayo chumbani, na harufu ndiyo inayokushtaki.