Mbuzi Wanne wa Mama

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Dodoma leo upepo umetulisha vumbi mpaka kwenye meno. Mwenzangu Shabani kaingia studio ananiambia eti huu si upepo.

SHABANI: Si upepo, dada. Mimi mtu wa Kilwa. Uliza Mei 2024, kimbunga Hidaya.

NEEMA: Si walisema kilifika kimeshalegea?

SHABANI: Kilifika Mafia tarehe 4 Mei, nguvu zimepungua, kweli. Lakini mvua ile! Barabara ya kusini ikakatika Somanga, abiria wa mabasi wakakwama njiani. Sasa yule aliyesema "nikiona hali mbaya nitaondoka", angepitia wapi?

NEEMA: Kwenu waliondoka mapema?

SHABANI: (anacheka) Nani aondoke! Niko zangu Area C hapa Dodoma, nimesoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mara tatu. Alhamisi usiku nampigia mama: nendeni kwa shangazi kule juu, nyumba ya matofali. Ananiuliza, "Mbuzi nawaacha na nani?" Nikamwambia, mama, mbuzi wenyewe wanne. Akasema, "Wanne kwako wewe."

NEEMA: Huyo mama angekuwa Mgogo kabisa! Kwetu lete lori la kuokoa watu, mzee atauliza kwanza ng'ombe wanapanda la ngapi.

SHABANI: Na kaka yangu ndiyo usiseme. Walivuta boti wanaume wanane mpaka nyuma ya minazi, wakaifunga kamba. Mashine ya boti akaibeba begani, akailaza chumbani, kaifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria. Mashine yenyewe ya mkopo, deni halijafika nusu. Mtu huyo umwambie aache mlango aende kulala shuleni?

NEEMA: Kwa hiyo nyumba inagawanyika.

SHABANI: Ndivyo inavyokuwa. Watoto na bibi wanatangulia, wanaume wanabaki na chombo. Halafu ofisini wanasema watu wa pwani hawasikii. Wanasikia sana! Ila wana hesabu zao.

NEEMA: Lakini kaka, wengine wanasema huku kwetu vimbunga haviji.

SHABANI: Haviji mara nyingi, kwa sababu tuko karibu na ikweta, na huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Lakini Unguja mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu na minazi, na Lindi walipigwa 1952. Ndiyo maana ni hatari: kikija, aliyekiona mara ya mwisho keshazikwa.

NEEMA: Na kimbunga Kenneth? Aprili 2019 watu wa Mtwara si waliambiwa wahame?

SHABANI: Mabondeni waliambiwa wahame. Kimbunga kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, upepo zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Waliorudi na magodoro yao wakanung'unika: tumehamishwa bure. Mwenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma hakusema hivyo.

NEEMA: Mimi nawaonea huruma watabiri. Wakitangaza kikakwepa, waongo. Wakinyamaza kikapiga, wauaji.

SHABANI: Mimi siwaonei sana. Tangazo linasema kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Halisemi mbuzi watafungwa wapi, wala nani atalinda mashine za watu usiku. Weka hayo kwenye tangazo uone.

NEEMA: Haya, mama aliishia wapi?

SHABANI: Ijumaa alasiri shangazi alikuja mwenyewe na bodaboda. Hakutaja kimbunga wala serikali. Alisema neno moja tu: "Mbuzi nao waje."

NEEMA: Akaenda?

SHABANI: Kabla ya magharibi! Mbuzi wakalala ukumbini. Mpaka leo shangazi anadai mkeka wake.